Siku Kompyuta Yangu Ilipomkana Mama Mkwe

Wapo watu katika mji huu ambao mpaka leo nikipita barazani kwao hawanisalimii kama binadamu mwenzao, wanabana pua na kutoa mlio mmoja mwembamba, "piiiiii", halafu wanacheka mpaka wanashika ukuta, na mimi nainua mkono kama mheshimiwa anayepungia wananchi, naendelea na safari yangu, kwa sababu nitafanyaje na nimestahili? Wenzangu wanakumbukwa kwa kuchimba kisima, wengine kwa kujenga msikiti. Mimi nakumbukwa kwa kumtangaza mama mkwe wangu kuwa mwizi, kwa spika, mchana kweupe, mbele ya wateja waalikwa na sufuria nne za pilau. Aibu ile nimeibeba miaka yote hii, basi leo acheni niitue mwenyewe, maana nimechoka kuisikia ikisimuliwa vibaya na watu ambao hata hawakuwepo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka ya ushirika yalikuwa yamebaki na rafu tupu na karani mmoja anayesinzia, na kila mwenye mtaji alikuwa anafungua lake na kuliandika jina kwa rangi nyekundu. Bosi wangu, Alhaji Mrisho (mtoto wa mji, ukoo wake ulifika Dodoma na misafara ya zamani na haukuona sababu ya kuendelea na safari), yeye hakutaka duka la kawaida. Alitaka supamaketi, yaani duka ambalo mteja anaingia ndani na kujichukulia mwenyewe vitu rafuni kisha anakwenda kulipa kwa keshia, jambo ambalo majirani zake wote waliliona ni wazimu mtupu, na wakawa wanakuja kila siku kuutazama huo wazimu na kuondoka na sabuni.

Sasa ukishawaruhusu watu wajichukulie, lazima uwe na namna ya kuwazuia wasijichukulie moja kwa moja. Alhaji akasafiri Dubai, akarudi na nguzo mbili nyeupe, akazisimika mlangoni. Zikaitwa geti. Na pamoja na geti akaleta gunia zima la vidude. Jina lingine havikuwa navyo, tuliviita vidude tu: vya plastiki, rangi ya maziwa, ukubwa wa kifuniko cha soda, vinabanwa kwenye nguo au mkoba kwa pini na havitoki mpaka keshia aviweke kwenye sumaku yake. Ukipita getini na kidude, geti linapiga kelele. Kwa siku za mwanzo nusu ya mji ilikuja kusikiliza tu hiyo kelele.

Mlinzi wa mlango alikuwa Mzee Ndahani, mstaafu wa jeshi kutoka Hombolo, mtu wa koti zito hata jua likichoma, anayewasalimu wateja wote "mbukwenyi" kwa Kigogo hata kama ni Wahindi. Keshia alikuwa Eliza, binti wa Makutupora, mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Na mimi, Yahya, nilikuwa mtaalamu wa kompyuta. Msicheke. Nilikuwa nimesoma Dar es Salaam wiki sita nzima, nina cheti chenye mhuri, na nilikuwa nimepewa chumba changu cha nyuma chenye feni, ambamo nilikaa nikiwa nimevaa tai katika mji ambao vumbi lake halijali tai ya mtu.

Tena nilikuwa na jambo langu. Nilikuwa nimepeleka barua ya posa kwa akina Saumu, pale Majengo. Saumu mwenyewe tulishaelewana zamani, tatizo halikuwa Saumu. Barua ilikuwa mezani kwa mama yake, Mama Zuhura, mwanamke mrefu asiyeongea sana, na ilikuwa haijajibiwa. Baba mtu alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo kila kitu kilikuwa kinamsubiri yeye. Wiki ya kwanza nilisema anatafakari. Wiki ya tano nikaanza kupunguza chakula.

Basi siku moja Eliza akaja kugonga chumbani kwangu. "Kaka Yahya, mama mkwe wako yuko nje na mkoba. Hataki nimtolee kidude."

Nikatoka mbio, nikakaza tai, nikainama kwa shikamoo ambayo nusura nigonge kaunta. Mama Zuhura alikuwa amenunua mkoba wa mkononi, wa kahawia, wenye mnyororo wa rangi ya dhahabu. Amelipa, risiti anayo mkononi, kila kitu halali. Ila kidude alikuwa amekifunika kwa kiganja.

"Marahaba, baba. Mwambie huyu binti akiache. Akikitoa, watu watajuaje nimenunua hapa? Watasema mtumba wa soko la Sabasaba."

Wenzangu, hapa ndipo pa kusimama. Kama ningesema, "Mama, hairuhusiwi," leo ningekuwa mtu wa heshima zake. Lakini nilimtazama yule mama, nikaiona barua yangu juu ya meza yake, na nikajiuliza, ni dhambi gani kumwachia mtu mzima kidude cha plastiki? Mbona na sisi nyumbani redio bado ina karatasi ya bei, na suti ya mjomba ina nembo mkononi mpaka leo na hakuna aliyethubutu kuichana? Nikamwambia Mzee Ndahani azime swichi ya geti kidogo. Akazima. Mama akapita kimya kimya kama malkia. Akageuka, akaniambia, "Ahsante, mwanangu." Mwanangu! Siku ile nilikula sahani mbili.

Nilichokuwa sikijui (kwa sababu mtaalamu hakai mbele ya duka na watu wa kawaida, anakaa nyuma na feni) ni kwamba ule mkoba ulikwenda kwenye harusi mbili na maulidi moja, na kila mwanamke aliyeuona aliuliza kile kitu cheupe ni nini. Wakaambiwa ni alama ya supamaketi, hawapewi watu hivi hivi. Kesho yake mke wa hakimu naye akagoma kutolewa chake, keshokutwa yake kiongozi wa kwaya, kisha muuguzi mkuu, na Eliza, ambaye alishaona mimi, bosi mdogo mwenyewe, nimeruhusu, akawa anaruhusu, na Mzee Ndahani anazima na kuwasha swichi kama mtu wa mitambo. Vidude vilipopungua, Eliza alikuja kuniomba vingine na mimi nilimsainia bila kuuliza. Nilidhani biashara imepanda.

Tatizo la kidude hicho ni kwamba hakijui kuwa kimelipiwa. Siku ukitoka nacho swichi imezimwa, sawa. Lakini ukirudi wiki ijayo na mkoba ule ule kununua mchele, geti linalia ukiingia, halafu linalia tena ukitoka. Mzee Ndahani anawapungia mkono tu, anawajua. Alhaji yeye, akiwa ofisini kwake juu, alikuwa anahesabu kelele.

Akaniita. "Yahya, geti linalia kutwa kucha kama mtoto wa kuachishwa ziwa, na sijaona mwizi hata mmoja. Utaalamu wako uko wapi?"

Mtu mwenye akili angeshuka ngazi, akamuuliza Mzee Ndahani swali moja. Mimi nilikuwa na cheti. Nikamwambia Alhaji kwamba shida ya geti ni upweke, halizungumzi na wenzake. Geti lina kelele, keshia ana risiti, mimi nina daftari la kompyuta lenye majina ya wateja wote wenye kadi (tulikuwa tumewapa kadi za namba, ukinunua unaionyesha, mwisho wa mwaka unapata zawadi), na kila kimoja kinakaa peke yake kama watu waliogombana. Tuviunganishe, nikasema. Geti likilia, kompyuta iandike saa na dakika, kisha iangalie ni kadi gani imepita kwa keshia muda huo huo, kisha iangalie kama kuna kitu kilicholipiwa kinachoelezea kelele ile. Mtu akiliza geti mara tatu bila maelezo, jina lake linakwenda kwenye orodha. Alhaji alinisikiliza mdomo wazi. Mimi mwenyewe nilijisikiliza mdomo wazi.

Nikavuta waya kutoka getini mpaka chumbani kwangu, nikautundika darini kwa misumari, nikaandika programu kwa muda wa majuma matatu, na nikaona fahari kuliko zote kwenye kitu kimoja: nilifanya kila daftari lisome kutoka kwa mwenzake. Ukigusa mahali pamoja, kote kunabadilika. Hakuna kuandika mara mbili. Nilimweleza Saumu sifa hiyo tukiwa tumekaa kwa shangazi yake, akanitazama kwa huruma na kuniuliza kama nimekula.

Mwezi ulipokwisha nikabonyeza, printa ikakohoa, orodha ikatoka. Majina ishirini na tatu. La kwanza kabisa, aliyelia mara nyingi kuliko wote, lilikuwa Mwanaidi Selemani. Nilijua huyo ni nani. Majengo nzima wanamwita Mama Zuhura, lakini kwenye kadi aliandikwa jina lake kamili.

Jasho likanitoka na feni inazunguka. Nilijua wazi kwa nini analia, ni kile kidude nilichomwachia mimi, na kumweleza Alhaji maana yake ni kukiri kwamba niligeuza sheria ya duka kuwa mahari. Basi nikafanya jambo la kiume. Nikalifuta jina. Kubonyeza mara moja tu, kompyuta ikauliza una hakika, nikasema nina hakika, na yakabaki majina ishirini na mawili safi ya wezi halisi.

(Ndiyo. Ukigusa mahali pamoja, kote kunabadilika. Nyinyi mmekumbuka haraka kuliko mimi.)

Alhaji akavaa miwani, akasoma orodha, akavua miwani, akaisoma tena. Wiki iliyotangulia alikuwa ameniomba majina ya wateja wetu wakubwa, wale wanaonunua kuliko wote, ili awaalike Jumamosi kwa pilau na zawadi kuadhimisha mwaka wa duka, na kadi za mwaliko zilishagawiwa. Akaweka karatasi mbili pembeni ya meza, moja ya waalikwa na moja ya wezi.

"Yahya. Hawa ni watu wale wale."

Mtu mwingine yeyote hapo angeshtuka. Mimi nikakuna kidevu kwa kitaalamu nikamwambia, "Hapo ndipo ulipo ujanja wao, Alhaji. Wananunua sana ili wasishukiwe." Naapa nilisema hivyo. Na Alhaji, maskini, mtu mwenye biashara tatu na Kurani kichwani, akatikisa kichwa na kusema dunia imeharibika.

Akapanga mtego. Wageni watakaa nje chini ya turubai, kila mmoja ataitwa ndani kupokea chupa ya chai, na ili aingie lazima apite getini mbele ya wote. Mwenye kitu chetu atajulikana. Mimi na kompyuta yangu tuwe mezani pale mlangoni, na spika, nisome jina la kila mgeni na manunuzi yake, ili mteja mwema asifiwe. Mzee Ndahani asimame kwenye swichi na asiiguse hata aambiwe na nani. Hilo la swichi lilinichoma, kwa sababu mpango wangu wote wa kumpitisha Mama Zuhura ulikuwa swichi ile. Nikamfuata mzee pembeni, nikamwomba. Akanijibu kijeshi, "Nimeambiwa nisiguse. Kama ni amri mpya, ije kutoka juu."

Jumamosi ikafika. Upepo wa Dodoma ulikuwa unapeperusha turubai, sufuria zinafuka, akina mama wameketi na magauni yao, na kila mmoja ana mkoba mapajani, na kama ningekuwa na macho badala ya programu ningeona vile vidude vyeupe vimekaa safu nzima vinanitazama. Sikuona kitu. Nilikuwa natafuta uso mmoja tu, na nikauona: Mama Zuhura, safu ya mbele, mkoba wa kahawia, na ubavuni kwake Saumu, aliyevaa mtandio wa kijani niliomnunulia mimi.

Alhaji akasoma dua fupi, akasema tutaanza na watu wazima. Mkubwa kwa umri alikuwa nani? Ni yeye. Akasimama, akajinyoosha, akatembea kuelekea getini taratibu, na mimi nilimtazama Mzee Ndahani kwa macho ya mtu anayezama, naye akawa anaangalia mbele kama yuko gwaride.

Piiiiiiiii.

Siku ile spika ilikuwa karibu na geti, basi kelele iliingia kwenye spika ikatoka mara mbili. Mpishi aliacha upawa ndani ya pilau. Mama Zuhura hakushtuka hata kidogo, alishazoea, akanyoosha kadi yake mezani kwangu na kutabasamu. Nikaandika namba. Kompyuta ikafikiri. Kisha ikatoa maandishi ambayo mpaka nazeeka nitayaona nikifumba macho: MTEJA HAYUPO. MANUNUZI: HAKUNA.

 Alhaji, ambaye miwani aliiacha juu, akasema, "Soma."

Nikasema, "Alhaji, labda..."

"Soma, watu wanasubiri!"

Nikasoma. Kwa spika. Kwamba mteja huyu hayupo, na kwamba hajawahi kununua kitu chochote kwetu.

Nilisikia turubai lote likivuta pumzi. Alhaji alitazama mkoba, akatazama geti, akanisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini (ila spika ilikuwa wazi, kwa hiyo aliuliza mji mzima), "Una hakika? Isije ikawa imekosea."

Na mimi, jamani, pale nilikuwa na mlango wa kutokea. Neno moja tu. Lakini nilijiona bila kazi, bila tai, bila feni, na ulimi ukanipeleka unakotaka. Nikasema, "Kompyuta haikosei, Alhaji."

Mama Zuhura aliacha kutabasamu. Hakupandisha sauti. "Yahya," akasema. Siyo mwanangu tena. "Nani aliniruhusu nitoke na kitu hiki?"

Nikameza mate, na spika ikayameza pamoja nami, wakasikia mpaka wa barabarani. Saumu alikuwa amesimama. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi na hasira kwa pamoja, akasema, "Yahya, sema." Sikusema. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kuliko hata kile nilichosema. Kuna aibu ya kukosea na kuna aibu ya kunyamaza, na mimi siku ile nilijibebea zote mbili.

Aliyesema ni Eliza. Alitoka nyuma ya kaunta na sumaku mkononi, anapiga kelele kuliko geti. "Alhaji, mama wa watu kalipa! Mimi ndiye nilipokea! Kidude kakiacha huyu huyu Yahya, kwa sababu ya posa yake! Na wengine wote hawa kawaanzishia yeye!"

"Wengine wote wepi?" Alhaji akauliza.

Basi mke wa hakimu akasimama, akainua mkoba wake juu. "Mimi ninacho." Kiongozi wa kwaya naye akasimama, chake kiko kwenye kola ya gauni. Muuguzi mkuu alikuwa navyo viwili, kimoja kwenye kila kiatu. Na kwa sababu wanawake wa mji huu hawapendi kusingiziwa nusu nusu, wakaamua wapite wote, mmoja mmoja, ili isije ikasemwa kuna aliyejificha, wakapanga foleni wenyewe, piiii, wakazunguka, piiii, wakatoka, piiii, na kila anayepita anampa Alhaji risiti yake mkononi (maana risiti nazo walikuwa wamezitunza, wengine kwenye fremu), na mimi kompyuta yangu mbele yangu inaandika kwa bidii saa na dakika za kila mlio, na pembeni inaandika mwizi, mwizi, mwizi. Walipomaliza kupita wakaenda zao. Wote. Hakuna aliyegusa pilau. Mzee Ndahani aliwaaga "mbukwenyi" mmoja baada ya mwingine, kisha akaniuliza kama sasa anaweza kuzima swichi.

Alhaji hakunigombeza. Alichukua mkasi wa kukatia vitambaa, akapanda juu ya kiti, akaukata waya wangu pale mlangoni, akashuka, akaanza kula pilau peke yake. Ningependa anigombeze.

Alasiri ile ile barua yangu ilirudi. Aliileta mjomba wake Saumu kwa baiskeli, imekunjwa vile vile nilivyoikunja mimi, ndani ya bahasha ile ile. Hakushuka hata kwenye baiskeli. Nililia, nasema ukweli, nililia kama mtoto, na mama yangu alinipa chai ya tangawizi na kuniuliza hiyo kompyuta inagharimu kiasi gani kuitupa.

Siku ya nne nikamchukua mjomba wangu, tukaenda Majengo kuomba radhi. Mama Zuhura alitukaribisha sebuleni, akatukalisha kwenye makochi yaliyokuwa bado yamefunikwa nailoni yake ya dukani, nailoni ikalia tulipokaa, na pembeni yangu televisheni ilikuwa na karatasi yake ya kiwandani kwenye kioo, na saa ya ukutani na bei yake. Nikakaa pale nikitazama vitu hivyo kimoja kimoja. Nilikuwa nimeunganisha geti na keshia na daftari la majina na saa na dakika, na kitu pekee ambacho sikukiunganisha ni sebule hii, ambayo iko pia kwetu, na kwa shangazi, na kwa kila mtu ninayemjua tangu nizaliwe.

Mjomba akaomba radhi kwa maneno marefu. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi sidai mbuzi wala faini. Nadai risiti yangu. Yangu niliipoteza kwenye ile purukushani. Aitafute, aje aisome pale pale, kwa spika ile ile, mbele ya wale wale."

Ilikuwa haki. Lakini jina lake nilishalifuta kila mahali kwa kubonyeza mara moja, kwa hiyo kompyuta ilikuwa haina la kunisaidia. Zilibaki nakala za karatasi, zile roli nyembamba za mashine ya keshia, ndani ya maboksi kumi na moja stoo, juu yake magunia ya sukari. Siku tatu nilikaa chini sakafuni na tai yangu mfukoni, nikifungua roli moja baada ya nyingine, wino umefifia, macho yananitoka, na Eliza anapita mlangoni kila saa kuniuliza, "Vipi mtaalamu, kompyuta imeshakosea?" Siku ya tatu mchana nikaipata. Mkoba wa mkononi, kahawia, mmoja. Umelipwa. Niliibusu, ikaniachia vumbi mdomoni.

Alhaji alikubali haraka (biashara ilikuwa imelala kabisa, wateja wetu wakubwa wote walikuwa wamerudi kununua kwa Wahindi), akapika pilau nyingine, turubai likarudi, akina mama wakaja, safari hii si kwa zawadi, wamekuja kuniona mimi. Nikasimama kwenye spika. Nikasoma risiti. Kisha nikasema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba kidude nilikiacha mimi, jina nililifuta mimi, na siku ile nilijua ukweli wote nikanyamaza kwa woga.

Mama Zuhura, safu ya mbele, akaweka mkono sikioni. "Rudia, baba. Wa nyuma hawakusikia."

Nikarudia. Mara tatu alinirudisha. Mara ya tatu Saumu akacheka, na aliposikia kicheko kile, mama yake ndipo akainuka kwenda kupakua pilau.

Barua ikajibiwa. Siku ya ndoa, dua zimesomwa, vigelegele vimepigwa, Saumu akatolewa chumbani na mama yake mwenyewe ndiye aliyemshika mkono. Na juu ya mtandio wa bibi harusi, upande wa moyo, nikaona kitu cheupe ukubwa wa kifuniko cha soda. Kilikuwa kile kile cha mkoba wa kahawia. 

"Yahya," mama mkwe akasema, "huyu hatujamtoa kidude. Akilia, tutasikia mpaka Majengo. Na sumaku ya Eliza ninayo mimi."

Sijawahi tena kufuta jina la mtu mahali popote, wala kusema kwamba mashine haikosei, na nikiulizwa jambo mbele za watu nasema upesi hata kabla swali halijaisha. Kidude chenyewe kimetundikwa nyumbani kwetu juu ya mlango. Nikichelewa kurudi na nikaanza kutunga maelezo, Saumu anainua macho kukitazama tu, na mimi naanza upya kwa kusema ukweli.